Mgeni Ajaye kwa Hiari, na Nyumba Impokeayo

Wazee wetu walisema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maneno hayo yalisemwa juu ya mgeni aliyekuja kutembea tu, akakaribishwa, akala, akashiba, kisha akasahau kuondoka. Lakini yuko mgeni wa namna nyingine, ambaye jembe alitaka tangu siku ya kwanza. Huyo ndiye mtu atokaye kwao kwa hiari yake, bila kutafuta mshahara, akaja kufanya kazi katika nchi asiyoijua, mwaka mmoja au miwili, kisha akarudi. Siku hizi twamwita mfanyakazi wa kujitolea. Katika mitaa ya pembeni ya Dar es Salaam, tangu Tegeta, Mwananyamala na Kigogo upande wa Kinondoni, hata Keko, Tandika na Mbagala upande wa Temeke, ziko nyumba zilizopata kumlaza mgeni kama huyo, na wako walimu waliopata kusimama naye darasani. Tumeona vema kueleza habari zake, maana yako mambo yampasayo yeye, na yako yatupasayo sisi, na yasipojulikana, watu wenye nia njema huumizana.

Tuanze na neno lisemwalo sana kibarazani. Watu husema, "Huyu asema hana mshahara, mbona ana simu nzuri kuliko ya mwalimu mkuu?" Jawabu lake ni hili. Mtu wa kujitolea hapewi ujira wa kazi yake, bali hupewa posho ya chakula, nyumba na nauli, ama na serikali ya kwao, ama na chama kilichomtuma, ama na usharika wao uliomchangia. Wengine hulipa nauli kwa fedha zao wenyewe. Basi yeye si tajiri aliyekuja kugawa mali, wala si maskini. Tena tusifichane: huenda posho yake ikapita mshahara wa mwalimu asimamaye naye ubaoni. Jambo hili lisiposemwa waziwazi mwanzoni, litasemwa kwa minong'ono baadaye, nayo minong'ono huharibu kazi.

Kuja namna hii si jambo jipya katika mji huu. Mwaka 1887 alifika Dar es Salaam mchungaji Mjerumani, Johann Jakob Greiner, akaanza kazi ya Kilutheri mahali palipokuwa bado mji mdogo, karibu na majumba yaliyoachwa nusu na Sultani Majid. Mwaka uliofuata, 1888, wakaja Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Bavaria, padre, mabruda na masista, wakapanda mpaka vilima vya Pugu, wakajenga. Kazi ilikuwa ya mikono hasa: kukata miti, kulima, na kuwalea watu waliokombolewa utumwani. Mwaka mmoja tu wakakaa. Mwezi wa Januari 1889 kituo kikavamiwa na kuchomwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, hata wakakombolewa kwa fedha.

Kwa nini yalitokea hayo? Msomaji apaswa kujua jinsi mambo yalivyokuwa pwani wakati ule. Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilishika forodha na bendera za pwani kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar, na watu wa pwani hawakuulizwa. Huko Pangani Abushiri bin Salim akainuka, na vita ikaenea miji yote. Watu wenye silaha hawakuuliza kama mgeni huyu amekuja na jembe na yule amekuja na bendera. Wote walikuja miaka ileile, kwa merikebu zilezile, wakisema lugha ileile. Twataja habari hii si kwa kutonesha jeraha la zamani, bali kwa sababu jambo hili halijakoma. Hata leo mgeni ashukaye uwanja wa ndege huja akichukua mgongoni sifa za waliomtangulia, njema na mbaya, wala yeye hana habari. Akiona mama mwenye nyumba ana baridi siku za kwanza, asidhani amechukiwa. Labda mgeni wa mwaka juzi aliondoka bila kuaga.

Pugu ilijengwa tena baadaye. Ndipo pale, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Julius Nyerere alipofundisha mpaka alipojiuzulu mwaka 1955, na leo vilima vile vimezungukwa na nyumba za mji.

Yuko mmoja mwingine tupendaye kumtaja, ingawa kazi yake ya kwanza haikuwa Dar es Salaam. Barbro Johansson alizaliwa Malmö, Uswidi, mwaka 1912, akafika Tanganyika mwaka 1946 kama mwalimu wa misheni, akapelekwa Kashasha, nchi ya Bukoba, kufundisha wasichana. Wakati ule baba aliyempeleka binti yake shule alionekana amepoteza mikono ya shambani. Mama Barbro, kama alivyoitwa, hakuwa mtu wa kukaa nyuma ya ukuta wa misheni. Mwaka 1959 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akiungwa mkono na TANU. Mwaka 1962 akawa raia wa Tanganyika. Baadaye akawa mkuu wa shule ya wasichana ya Tabora, na alifariki mwaka 1999. Ukitoka mjini kwa njia ya Morogoro, ukapita Kimara na Mbezi, utafika Luguruni, ambako iko shule ya sekondari ya wasichana yenye jina lake. Mahali pale palikuwa pa Kinondoni, na tangu mwaka 2016 pamekuwa pa wilaya mpya ya Ubungo.

Hatusemi kila ajaye awe Mama Barbro. Yeye alikuja akakaa, na mtu wa kujitolea ana tarehe ya kurudi iliyoandikwa katika tiketi. Lakini yafaa kujiuliza, kwa nini watu walimwamini? Si kwa sababu alileta vitu. Alijulikana kwa muda wa miaka, akiisema lugha ya watu, katika kazi ambayo watu wenyewe waliiona ina faida.

Miaka ya uhuru ilileta vijana kwa makundi. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuomba vijana wa Peace Corps, chama kilichoanzishwa na Rais John Kennedy wa Marekani mwaka 1961. Wa kwanza walikuwa wapimaji wa barabara, mainjinia na wataalamu wa miamba, nao walifundishwa kwanza El Paso, Texas, kabla ya kuvuka bahari. Waliwasili mwaka uleule, kabla bendera ya uhuru haijapandishwa. Baadaye wakaja walimu wengi. Mambo ya siasa yakaingia kati, wakaondoka mwaka 1969, nao wakarudi mwaka 1979. Waingereza wa VSO walikuja miaka ileile ya kwanza, na vijana wa Japani wakafuata kabla ya miaka ile ya 1960 kwisha. Wako wazee wa leo walioonyeshwa hesabu ya aljebra mara ya kwanza na kijana mwenye nywele za kahawia, aliyekuwa amewapita miaka minne tu kwa umri.

Basi sasa tufike kwa mgeni wa leo, na mwezi wake wa kwanza, maana hapo ndipo mambo yanapotengenea au kuharibika.

Kwanza ni karatasi. Mtu hawezi kuja na viza ya utalii akaingia darasani, hata kama hapokei senti moja. Sheria yamtaka awe na kibali cha ukaazi, kile cha daraja C, pamoja na ruhusa ya kazi kwa sheria ya mwaka 2015 ihusuyo ajira za wageni. Wengi hukaa benchi la Uhamiaji, Kurasini, siku nzima, na hapo hujifunza subira ambayo hakuna kitabu kiifundishacho. Mwenyeji naye asione haya kuuliza, "Mwanangu, kibali chako kiko wapi?" Kuuliza mapema si kumfukuza. Kisha, siku ya pili au ya tatu, ampeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akamtambulishe. Jambo hili ni la sheria na la adabu pia. Mgeni asiyetambulishwa, siku atakapoibiwa au kuugua usiku, ni nani atakayemsemea?

Kisha yaja maamkio. Lugha yetu yahesabu umri wa watu, na lugha zao nyingi hazifanyi hivyo. Mgeni amejifunza "Mambo" na "Poa" katika ndege, na asubuhi ya kwanza amwambia bibi wa miaka sabini, "Mambo!" Watoto wacheka mpaka kulala chini. Afundishwe siku ileile kwamba aliye mdogo hutoa Shikamoo na mkubwa huitikia Marahaba. Afundishwe pia kwamba mama mwenye nyumba haitwi kwa jina lake tupu, bali huitwa Mama fulani kwa jina la mtoto wake, na kwamba kupiga hodi na kungoja sauti ya ndani si kupoteza wakati. Tumeona wageni waliokuwa hodari wa kazi, lakini mtaa haukuwapenda, kwa kuwa walipita asubuhi kimya, macho mbele, kama watu wanaokwenda kuzima moto. Kwao ndivyo watu waendavyo kazini. Kwetu ni kama kusema, Sikuoni.

Saa nayo huleta vioja. Sisi twaihesabu tangu jua linapochomoza, wao tangu usiku wa manane. Mwalimu mkuu amwambia, "Njoo saa mbili," mgeni atazama saa yake, aona mbili, naye afika alasiri, wakati watoto wamekwisha kwenda makwao. Hapo hakuna mwenye kosa. Dakika tano za maelezo zingetosha.

Habari za maji zataka maneno zaidi, maana hapo ndipo afya ilipo. Mitaa mingi ya Temeke na Kinondoni bomba halitoi kila siku, na visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Maji ya kunywa hununuliwa kwa ndoo au kwa dumu. Mgeni aliyezoea kufungua bomba na kuliacha likitiririka huku akipiga mswaki, apaswa aonyeshwe jinsi ya kuoga kwa kopo na ndoo moja, na jinsi maji ya kufulia yanavyosalia kumwagiwa chooni. Naye akisema, "Mama, mimi nitachemsha maji yangu," asionekane ana kiburi. Mwaka 2015, mwezi wa Agosti, kipindupindu kilianza katika mji huu, Kinondoni, kikaenea mikoa mingi. Na chemchemi ya ugonjwa ule ni maji na chakula vichafu. Heri nyumba yote ichemshe.

Kadhalika chandarua. Homa ikimshika mgeni, apelekwe kupimwa malaria siku ileile, asimeze dawa kwa kubahatisha. Na aambiwe tena siku ya kuondoka: akipata homa kwao, hata baada ya miezi kadhaa, amwambie daktari wake kwamba alikuwa Tanzania, maana daktari wa huko huenda asiiwazie malaria.

Chakula twakipita upesi, kwa kuwa wenyeji wengi wajua kukaribisha. Neno moja tu: mgeni akila kidogo wiki ya kwanza, asilazimishwe mpaka akatapika. Joto la Januari na Februari huondoa hamu ya kula hata kwa wenyeji. Hata umeme ana la kujifunza. Kwao hulipwa mwisho wa mwezi, hapa hununuliwa kwanza kwa LUKU, nao hukatika katikati ya mchuzi kama hakuna aliyekumbuka. Na daladala atalijua mwenyewe. Hakuna amfundishaye mtu kupanda daladala la Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni.

Sasa twaja kwenye jambo zito, nalo ni kazi yenyewe. Tangu Januari 2016, ada zilipoondolewa mpaka kidato cha nne, madarasa ya mji yalijaa sana. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia mbele yake, akiambiwa, "Yuko kijana kutoka Ulaya atakusaidia," hushukuru bila kuuliza zaidi. Twasema aulize. Tuseme kijana huyo ana majuma sita tu. Juma la kwanza yu katika kujua majina. La pili aanza kufundisha Kiingereza kwa nyimbo, watoto wafurahi mno. La sita apiga picha, alia, aenda zake. Watoto wamerudi mahali walipokuwa, na mwalimu ana majuma sita ya mtaala yaliyobaki nyuma. Hatuna neno na kijana. Moyo wake ulikuwa safi. Lakini mwenye kujua urefu wa muhula ni mwalimu, na hapana budi aseme. Kijana wa majuma machache apewe kazi yenye mwisho: kupanga vitabu vya maktaba, kutengeneza madawati, kusaidia watoto wachache wasiojua kusoma, jioni. Kijana wa mwaka mzima apewe darasa, lakini pamoja na mwalimu Mtanzania atakayebaki, ili njia aliyoleta isiondoke naye katika sanduku.

Makao ya yatima yana hatari zaidi, nasi twasema wazi. Mtoto aliyefiwa na mama, akapata dada mgeni wa kumbeba kila siku kwa miezi miwili, kisha dada akatoweka, kisha akaja mwingine, naye akatoweka, hufiwa mara nyingi. Tena, katika nchi kama Cambodia na Nepal, imeonekana kwamba watoto wengi waliokusanywa katika makao yapokeayo wageni walikuwa na baba au mama aliye hai. Walikusanywa kwa sababu wageni huleta fedha. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka makao ya watoto yawe na leseni na kuangaliwa na afisa wa ustawi wa jamii. Mgeni aulize leseni hiyo kabla hajapeleka sadaka yake. Mwenyeji anayejua makao yasiyo nayo, asimpeleke mgeni huko kwa kutaka kumfurahisha. Na picha za watoto wa watu, uchi au wakilia, zisipelekwe mbali bila idhini ya wazazi, kama vile sisi tusivyoingia nyumba za Hamburg kupiga picha watoto wakioga.

Fedha nazo. Juma la pili mgeni ataombwa ada ya shule, la tatu mtaji wa duka, la nne nauli ya msiba. Akitoa kwa mmoja, kesho wako kumi mlangoni. Akikataa wote, aitwa bahili. Baba mwenye nyumba aweza kumsaidia sana kwa kusema mapema mbele ya jamaa, "Huyu ni mtoto wangu sasa. Mwenye haja aje kwangu." Sisi twaona hii ndiyo kinga bora kuliko zote, nayo haina gharama.

Labda msomaji asema, Haya yote ni ya wao kuja kwetu. La, siku hizi njia ina pande mbili. Serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts mwaka 2008 kupeleka vijana wake nje, na tangu mwaka 2013 vijana wa nchi zetu nao huenda Ujerumani kwa mpango huohuo, wenye umri wa miaka 18 hata 28. Misheni ya umoja yenye makao Wuppertal, ambayo Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kilutheri ni mwanachama wake, nayo hubadilishana vijana. Kwa hiyo mama wa Temeke aliyemlaza binti wa Kijerumani mwaka huu, huenda mwakani akamsindikiza mwanawe uwanja wa ndege.

Huko naye atakuwa mgeni, na mambo yatageuka. Atapanda basi lililojaa watu, wala hakuna asemaye neno. Atasema moyoni, Wananichukia. Hawamchukii, ndivyo wanavyokaa wao kwa wao. Jioni atawekewa mkate na jibini, chakula cha baridi, naye atakumbuka wali wa mama yake. Mwezi wa Desemba jua litazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na huzuni itamshika bila sababu anayoijua. Takataka atatakiwa azigawe katika mapipa ya namna mbalimbali, na akikosea jirani atamwambia. Siku za kwanza atapelekwa ofisi ya mji kuandikisha makazi yake, na hapo, kama ni kijana mwenye akili, atamkumbuka mwenyekiti wa mtaa wake akacheka. Wengi hufanya kazi katika shule za watoto wadogo, au katika nyumba za wazee, na hili la mwisho huwauma: kumvisha viatu babu wa mtu mwingine, ambaye watoto wake huja Jumapili mbili kwa mwezi. Asifanye haraka kuwahukumu. Amwulize babu habari za ujana wake, kwa Kijerumani kibovu alicho nacho. Wazee wa kule nao hupenda kuulizwa.

Vijana wa Ujerumani aghalabu hufika kwetu mwezi wa Agosti au Septemba. Nyumba itakayompokea mmoja iwe imekwisha kutayarisha chumba chenye kufuli na ufunguo wa pili, chandarua kisichotoboka, ndoo yake ya kuogea na taa ya akiba. Iwe imekwisha kupatana na chama kilichomtuma, kwa maandishi, ni kiasi gani cha chakula na pango kitakacholipwa na siku gani ya mwezi. Na mwenyekiti wa mtaa awe amekwisha kupata jina la kijana, kabla ya ndege kutua.